Mshipa Mpya wa Moyo Utatoka Wapi? Uliza Kabla ya Siku ya Upasuaji

Mgonjwa akiambiwa kwamba anahitaji kupandikizwa mishipa mitatu ya moyo, ndugu waliomsindikiza huwaza kwanza gharama, kisha hatari ya kufa. Ni haki yao. Lakini lipo swali jingine ambalo wengi hutoka nalo chumbani bila kuliuliza: hiyo mishipa mipya inatoka wapi? Wapo wanaodhani ni mipira iliyotengenezwa kiwandani. Wapo vijana wanaojitolea papo hapo, wachukuliwe wao ili mzazi apone. Jibu ni kwamba hakuna ndugu atakayekatwa. Mishipa hutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe: kifuani, mkononi au mguuni. Na mahali inapotoka huchangia sana kuamua moyo utaendelea kulishwa kwa miaka mingapi.

Moyo una mishipa yake wenyewe, inayochipuka mwanzoni kabisa mwa aorta, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kutambaa juu ya misuli ya moyo. Kipenyo chake, kule inakoshonewa mshipa mpya, ni milimita 1.5 hadi 2 tu. Mafuta na chokaa vikijikusanya ndani yake, misuli hukosa damu, na mtu huanza kubanwa na kifua anapopanda ngazi au kubeba mzigo. Wengi husaidiwa kwa dawa au stenti, kijibomba cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa kuupanua. Wengine, hasa wenye mishipa mitatu iliyoathirika, wenye kuziba kwenye shina la mshipa wa kushoto, na wenye kisukari ambao mishipa yao imebanwa sehemu nyingi, hunufaika zaidi na upasuaji. Mpasuaji huchukua mshipa kutoka sehemu nyingine, akaushona mbele ya pale palipoziba. Palipoziba penyewe hapaguswi. Damu inapita njia nyingine.

Mipira ya kiwandani hutumika vizuri kwenye mishipa minene kama aorta na ile ya mapaja. Kwenye mishipa myembamba ya moyo damu huganda ndani yake mapema, ndiyo maana haitumiki. Mshipa hai una utando wa ndani unaozuia damu kuganda, na hadi leo hakuna kiwanda kilichoweza kuuiga vya kutosha.

Ateri ya kifuani, chaguo la kwanza

Nyuma ya ukuta wa kifua, kando kidogo ya mfupa wa katikati, hushuka ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) nyembamba kila upande. Ya kushoto ndiyo mshipa bora kuliko yote tuliyonayo kwa kazi hii. Mpasuaji huibandua ukutani akiacha chanzo chake kilipo, chini ya mtulinga, kisha akageuza ncha yake ya chini na kuishona kwenye mshipa wa mbele wa moyo. Huo wa mbele ndio unaolisha sehemu kubwa ya chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwili mzima. Kwa hiyo mshipa bora hupelekwa mahali penye thamani kubwa zaidi.

Ubora wake una sababu. Ateri hii imezoea msukumo mkubwa wa damu tangu mtu anazaliwa. Ukuta wake wa ndani ni mgumu kupenywa na mafuta, na hutoa kwa wingi gesi ya naitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa na kuzuia damu kuganda. Baada ya miaka 10, zaidi ya asilimia 90 ya ateri hizi bado zinapitisha damu. Mwaka 1986 madaktari wa Cleveland Clinic nchini Marekani, wakiongozwa na Floyd Loop, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10. Waliopata vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 1.6 ya wale waliopata ateri ya kifuani kwenye mshipa wa mbele. Tangu hapo mjadala kuhusu mshipa wa kwanza umekwisha.

Inashangaza kwamba ilichukua muda mrefu hivyo. Vasilii Kolesov alikuwa amekwisha kuishona ateri ya kifuani kwenye moyo wa mgonjwa mjini Leningrad mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye René Favaloro, Muargentina aliyekuwa daktari wa kijijini kwa miaka 12 kabla ya kwenda Marekani, alianza kutumia vena ya mguu huko Cleveland. Vena ilikuwa nyepesi kushona, na ndiyo iliyoenea duniani. Ubora wa ateri ulikuja kuonekana wazi miaka ilipopita na vena zilipoanza kuziba.

Kwa msomaji, maana yake ni hii: kama mtakuwa mnajadili upasuaji wa mshipa wa mbele na hutasikia ateri ya kifuani ikitajwa, uliza kwa nini. Huenda ipo sababu nzuri. Mgonjwa aliyeletwa akiwa mahututi anaweza kukosa muda wa kuibandua. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kifuani huenda ateri yake imeharibika. Na mwenye mshipa uliobanwa chini ya mtulinga wa kushoto hawezi kuitegemea, kwa kuwa chanzo chenyewe hakina damu ya kutosha. Dalili moja ya tatizo hilo unaweza kuipata bila mtambo wa gharama: presha ipimwe mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ukiwa chini sana kuliko wa kulia, daktari aambiwe.

Mshipa wa pili: hapa ndipo pa kuuliza

Wagonjwa wengi huhitaji mishipa miwili, mitatu au minne. Ateri ya kifuani ya kushoto ikishapelekwa mbele, je, upande na nyuma ya moyo patumike nini? Hapa ndipo madaktari wenyewe hutofautiana, na hapa ndipo maelezo ya mgonjwa kuhusu maisha yake yanaweza kubadilisha uamuzi.

Duniani kote, Marekani ikiwemo, chaguo linalotumika zaidi ni vena ndefu ya mguu, inayotoka kwenye kifundo cha mguu hadi kwenye kinena. Ina sifa zake. Ni ndefu, hivyo mguu mmoja unaweza kutoa vipande viwili au vitatu. Hupatikana haraka, jambo lenye uzito mgonjwa anapokuwa katika hali ya dharura. Haijikunji kama ateri. Na inapopelekwa kwenye mshipa wa moyo uliobanwa kiasi, si sana, huvumilia kuliko ateri. Kwa mzee wa miaka 80 mwenye maradhi mengine, vena inaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa, na familia isione kwamba mzee wao amepewa kilicho duni.

Udhaifu wake ni umri. Vena ilizaliwa kurudisha damu taratibu, chini ya msukumo mdogo. Ghafla inaunganishwa na aorta na kupigwa na msukumo wa ateri kwa kila pigo la moyo. Katika mwezi wa kwanza, hatari ni damu kuganda ndani yake. Kuelekea mwisho wa mwaka, ukuta wake huwa mnene, kwa kuwa unajitahidi kuuhimili msukumo. Baada ya hapo mafuta huanza kujijenga ndani yake kama yalivyojijenga kwenye mishipa ya awali, na mara nyingi kwa kasi zaidi. Kwa takwimu za miaka mingi, baada ya miaka 10 karibu nusu ya vena huwa zimeziba au zimebanwa vibaya. Dawa za leo zimeboresha hali hiyo, lakini tofauti na ateri ya kifuani bado ipo.

Namna vena inavyotolewa nayo ina maana. Zamani mguu ulipasuliwa kwa urefu, pengine kutoka kinenani hadi kifundoni, na kidonda hicho kilimtesa mgonjwa wa kisukari kuliko hata kile cha kifua. Sasa hospitali zenye vifaa hutumia kamera ndogo na matundu mawili au matatu. Utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha njia hizo mbili na haukuona tofauti ya maana katika vifo, mishtuko ya moyo au haja ya kurudia matibabu, wakati vidonda vya mguu vilivyoingia wadudu vilikuwa vichache kwa waliotumiwa kamera. Hospitali yako isipokuwa na kamera hiyo, usikate tamaa. Mikono yenye uzoefu na usafi wa kidonda ni muhimu zaidi.

Ateri ya mkono

Pale kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ndipo muuguzi anapohesabu mapigo ya moyo. Ateri unayoisikia hapo inaweza kutolewa na kupandikizwa kwenye moyo. Alain Carpentier wa Ufaransa alianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaachwa kwa sababu nyingi ziliziba. Ilikuja kueleweka baadaye kwamba ateri hii ina misuli mingi na hujikunja ikishikwa kwa nguvu. Wapasuaji walipojifunza kuitoa kwa upole na kuwapa wagonjwa dawa za kuilegeza, ilirudi miaka ya 1990, na imerudi kwa heshima.

Mwaka 2018 matokeo ya majaribio sita yenye wagonjwa 1,036 yaliunganishwa. Katika miaka mitano, waliopata ateri ya mkono kama mshipa wa pili walikuwa na matukio mabaya ya moyo machache kuliko waliopata vena, na hatari ya mshipa huo kuziba ilikuwa chini ya nusu ya ile ya vena. Mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani wa mwaka 2021 unaipendekeza kuliko vena kwa mshipa wa moyo unaofuata kwa umuhimu baada ya ule wa mbele, mradi uwe umebanwa sana.

Sharti hilo la mwisho lisipite hivi hivi. Ateri ya mkono hufanya kazi vizuri pale ambapo mshipa wa moyo umebanwa zaidi ya asilimia 70, na kwa mshipa wa kulia zaidi ya asilimia 90. Njia ya zamani ikiwa bado inapitisha damu nyingi, ateri mpya hukosa kazi, hunywea, na mwisho hufunga. Kwa hiyo mpasuaji anayekataa kuitumia mahali fulani huenda ameisoma picha ya anjiografia, ile inayoonyesha mishipa ya moyo ilivyobanwa, kwa makini kuliko anayetaka kuitumia kila mahali.

Mkono hauwi bila damu, kwa kuwa una ateri ya pili upande wa kidole kidogo. Lakini lazima ihakikishwe kwamba ateri hiyo inatosha peke yake. Daktari hukufumbisha ngumi, akabana ateri zote mbili, ukafungua kiganja kikiwa kimepauka, kisha akaachia ile ya upande wa kidole kidogo tu. Kiganja kikirejea rangi ndani ya sekunde chache, ni dalili njema. Kwetu wenye ngozi nyeusi rangi hiyo itazamwe kwenye kiganja na chini ya kucha. Kipimo cha mawimbi ya sauti hutoa jibu la uhakika zaidi, na pale kinapopatikana kiombwe.

Kwa kawaida huchukuliwa mkono usiotumika kuandika. Fundi cherehani, mpiga ala, fundi seremala na kila anayeishi kwa ustadi wa vidole amwambie daktari kazi yake mapema. Nguvu za mkono kwa kawaida hubaki, lakini ganzi kwenye kidole gumba na nyuma ya kiganja inaweza kukaa wiki au miezi.

Wapo wasiofaa kuchukuliwa ateri hii, na katika eneo letu, penye kisukari na presha nyingi, kundi moja si dogo: wagonjwa wa figo. Mtu anayesafishwa damu, au ambaye figo zake zinaelekea huko, anaihitaji mishipa ya mkono kwa ajili ya njia ya kusafishia damu. Kuitoa ni kumwokoa leo na kumtesa kesho. Kundi la pili ni waliopimwa anjiografia kwa kupitia kifundo cha mkono. Mrija unaopitishwa hapo unaweza kuukwaruza utando wa ndani, na ateri hiyo haifai tena kupandikizwa. Kama kipimo kilipita mkono wa kulia, wa kushoto bado unaweza kutumika. Ukishaambiwa kwamba huenda utapandikizwa mishipa, mkono uliochaguliwa ulindwe: usitolewe damu hapo, usiwekewe dripu hapo, na usisite kumwambia hivyo muuguzi wa zamu.

Ateri zote mbili za kifua

Kama ya kushoto ni nzuri hivyo, kwa nini ya kulia isitumike pia? Hutumika, na vituo vingine huipendelea kwa wagonjwa wa umri wa kati. Tatizo ni kwamba ateri hizi ndizo zinazoulisha mfupa wa katikati ya kifua, mfupa uliopasuliwa na unaotakiwa kuunga. Zikiondolewa zote mbili, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mnene sana, mvutaji sigara au mwenye maradhi ya mapafu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kidonda cha kifua kuingia wadudu.

Jaribio kubwa la kimataifa lililoongozwa na David Taggart wa Oxford liliwagawa wagonjwa 3,102 kati ya ateri moja na mbili. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa mwaka 2019, hayakuonyesha tofauti ya maana katika vifo: asilimia 20.3 kwa waliopangiwa mbili na 21.2 kwa waliopangiwa moja. Matatizo ya kidonda cha kifua yalikuwa mengi zaidi kwa kundi la mbili. Wanaotetea ateri mbili husema, na wana hoja, kwamba si wote walipata walichopangiwa, na kwamba wagonjwa si wachache wa kundi la moja walipewa pia ateri ya mkono. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari tunayemjua mimi na wewe, mwenye sukari inayopanda na kushuka, ningeona ateri ya mkono, kama figo zake ni nzima, ni njia salama kuliko kuchukua ateri zote mbili za kifua. Ipo pia ateri ya tumboni, iliyopendwa zaidi na wapasuaji wa Japani. Huku kwetu si rahisi ukutane nayo.

Mambo ya kumwambia daktari

Daktari anaweza kuona picha ya moyo wako lakini asijue historia ya miguu yako. Mwambie kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa mishipa iliyovimba miguuni, au kama mishipa hiyo imejinyonganyonga hadi inaonekana juu ya ngozi, kwani huenda haifai. Mwambie kama mguu umewahi kuganda damu au una kidonda kisichopona. Mwambie kuhusu mionzi, figo, sigara, na kila dawa unayokunywa, ya hospitali na ya mitishamba. Sukari idhibitiwe wiki kadhaa kabla, sigara iachwe leo.

Kisha uliza: nitapandikizwa mishipa mingapi, kila mmoja unatoka wapi na unakwenda wapi, na kwa nini huo na si mwingine? Mpasuaji mzuri hachukizwi na maswali hayo. Ukisikia kwamba kituo hakina uzoefu wa ateri ya mkono, ni afadhali upate vena iliyoshonwa na mtu aliyeizoea kuliko ateri iliyotolewa na anayejifunza. Upasuaji huu hufanyika Afrika Mashariki, kwa mfano kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali kubwa za Nairobi, kwa hiyo maswali haya unaweza kuyauliza kwa Kiswahili, uso kwa uso, ndugu wakiwepo.

Baada ya kurudi nyumbani

Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, mshipa uwe umetoka popote. Katika muda huo usibebe ndoo ya maji, usiendeshe gari wala kupanda bodaboda mpaka uruhusiwe, na usijiinue kwa kusukuma mikono. Choo cha kuchuchumaa kina shida hapo; tafuteni kiti cha choo au mtu wa kukushika. Anayeswali aswali akiwa amekaa kwenye kiti mpaka daktari aruhusu kusujudu. Ukisikia mfupa unagonga unapokohoa, ukiona usaha, wekundu unaoenea au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Aliyetolewa vena atarajie mguu kuvimba kidogo. Uinue unapokaa, tembea kila siku, vaa soksi za kubana kama umeandikiwa. Aliyetolewa ateri ya mkono kwa kawaida hupewa dawa ya kuilegeza, kama amlodipini au diltiazemu, kwa miezi kadhaa; asiiache bila kuuliza eti kwa sababu presha imeshuka.

Na wote, bila kujali mshipa, huhitaji aspirini ndogo ya kila siku na dawa ya kushusha lehemu, kwa kawaida maisha yote. Hizi ndizo zinazozuia vena kuziba katika miaka ya mwanzo, na gharama ya dawa hizi haikaribii kabisa gharama ya upasuaji wa pili. Wapo wanaoziacha wakishajisikia wazima. Wapo wanaosimamisha aspirini kwa wiki nzima kwa sababu ya kung'oa jino, bila kumwuliza daktari wa moyo. Uliza kwanza.

Kabla ya kuondoka wodini, omba nakala ya ripoti ya upasuaji. Humo utakuta herufi LIMA kwa ateri ya kifuani ya kushoto, RIMA kwa ya kulia, RA kwa ya mkono na SVG kwa vena ya mguu, pamoja na mahali kila mshipa uliposhonwa. Piga picha kwa simu, mpe nakala mtu mmoja wa familia, na uibebe kila uendapo hospitali, kwa kuwa daktari atakayekupima miaka 10 ijayo atahitaji kujua mishipa hiyo iko wapi kabla hajaanza kuitafuta.